Jinsi ya kusoma mgawanyo wa nchi ya Israeli (Yoshua 13 mpaka 21) bila kuruka sura hata moja

Watu wengi wanaosoma Biblia kwa mpangilio wakifika Yoshua 13 wanaanza kufunua kurasa harakaharaka, maana vita vimeisha, Yeriko imeanguka, wafalme 31 wameshahesabiwa pale sura ya 12, na sasa kinachofuata ni mpaka ukatokea hapa ukapanda pale ukazunguka kule, miji na vijiji vyake, miji na vijiji vyake. Wanaruka mpaka sura ya 22, alafu wanakuta makabila mawili na nusu yamejenga madhabahu karibu na Yordani na wenzao wanataka kuwapiga vita, na hawaelewi hao watu walifikaje upande huo kwanza.

Mimi nazipenda hizi sura kuliko hata zile za vita. Hizi ndo hati za mashamba. Ahadi aliyopewa Abrahamu tangu Mwanzo inaacha kuwa maneno, inakuwa kisima fulani, kilima fulani, mpaka unaopita bonde fulani. Kwahiyo naomba ukae nazo vizuri, na ntakuonyesha njia ya kuzisoma ambayo ukiifuata utajua kila kabila lilikaa wapi, lilipataje, na kwa nini pengine lilipata kidogo au lilipata ndani ya mwenzake.

Unahitaji Biblia, karatasi kubwa kiasi, penseli yenye kifutio na rangi chache kama unazo. Ramani iliyoko nyuma ya Biblia usiifungue kwanza. Ile inakupa makabila yote kwa mpigo mmoja yakiwa yameshapakwa rangi, na shida yake ni kwamba inakuficha mfuatano. Mgawanyo haukufanyika siku moja wala sehemu moja, ulifanyika kwa awamu 3, na kila awamu ina mahali pake na sababu zake. Ukichora mwenyewe kwa mfuatano ule ule wa maandiko ndo utaona.

Anza na Hesabu 26, sio Yoshua

Kabla ya kugusa Yoshua rudi Hesabu 26. Hii ni sensa ya pili, ilifanyika nchi tambarare za Moabu baada ya kile kizazi cha jangwani kufa, na kazi yake kubwa ni ardhi, maana mstari wa 52 mpaka 56 unasema wazi nchi igawanywe kwa hawa waliohesabiwa. Chukua karatasi yako uandike pembeni idadi ya kila kabila: Yuda 76,500, Dani 64,400, Isakari 64,300, Zabuloni 60,500, Asheri 53,400, Manase 52,700, Benyamini 45,600, Naftali 45,400, Reubeni 43,730, Gadi 40,500, Efraimu 32,500 na Simeoni 22,200. Jumla 601,730, wanaume wa miaka 20 kwenda juu. Iache hiyo listi hapo pembeni usiifute, utaitazama kila mara.

Kwenye mistari hiyo hiyo kuna sheria mbili na watu wengi wanaona kama zinagongana. Moja inasema walio wengi wapewe urithi mkubwa na walio wachache wapewe mdogo. Nyingine inasema nchi igawanywe kwa kura. Sasa mtu anauliza, kama ni kura ukubwa unapangwaje tena? Namna inayoeleweka vizuri zaidi, na ndo wafafanuzi wengi wanaifuata, ni kwamba kura iliamua kabila likae upande gani wa nchi, na idadi ya watu ikaamua eneo liwe pana kiasi gani. Hapo hakuna mkubwa wa kabila anayeweza kusema amechaguliwa sehemu mbaya kwa upendeleo wa mtu, na hakuna kabila kubwa linalobanwa kwenye kona kwa sababu ya bahati. Ziweke kichwani zote mbili, utazihitaji mpaka mwisho.

Ukiwa hapo hapo Hesabu fungua pia 34, inakupa mipaka ya nje ya nchi yote na majina ya kamati ya ugawaji: Eleazari kuhani, Yoshua mwana wa Nuni, na mkuu mmoja kutoka kila kabila, wakuu 10. Ni 10 na sio 12 kwa sababu Reubeni na Gadi walikuwa wameshapata. Angalizo dogo, ule mlima Hori wa Hesabu 34 uko mpaka wa kaskazini, sio ule ambao Haruni alifia.

Hakikisha hesabu yako ya 12 iko sawa

Hapa wengi wanapotea. Lawi hahesabiwi kwenye ardhi. Ukimtoa yanabaki makabila 11, lakini Yusufu anasimama kwa wanawe wawili, Efraimu na Manase, ambao Yakobo aliwachukua kama wanawe mwenyewe kwenye Mwanzo 48, kwahiyo yanarudi 12. Ni ile sehemu mbili ya mzaliwa wa kwanza, ambayo 1 Mambo ya Nyakati 5 inasema Reubeni aliipoteza ikaenda kwa wana wa Yusufu. Alafu Manase akagawanyika nusu mashariki nusu magharibi, ndo maana utakutana na maneno makabila mawili na nusu na makabila tisa na nusu. Mbili na nusu jumlisha tisa na nusu, 12.

Chora mifupa ya nchi

Kushoto kwa karatasi piga mstari mrefu kutoka juu kwenda chini, hiyo ni Bahari Kubwa, yaani Mediterania. Katikati kuelekea kulia chora Yordani ikishuka, juu yake weka ziwa dogo, bahari ya Kinerethi ambayo Agano Jipya inaiita ya Galilaya, na chini yake weka Bahari ya Chumvi, ndefu. Upande wa mashariki ya Yordani chora mito miwili inayoingia kutoka kulia, Yaboki inaingia Yordani katikati, na Arnoni inaingia Bahari ya Chumvi. Weka nukta chache tu: Hebroni kusini kwenye milima, Yerusalemu juu yake, Shekemu katikati ya nchi, Shilo kati ya Yerusalemu na Shekemu, Beer-sheba chini kabisa, mlima Karmeli pale unapogusa bahari, mlima Tabori magharibi ya Kinerethi. Gilgali iko karibu na Yeriko, juu kidogo ya Bahari ya Chumvi. Inatosha, usijaze.

Na ukisoma mipaka ujue kwamba upande wa bahari ni magharibi na maawio ya jua ni mashariki. Mpaka unaandikwa kama safari ya mtu anayetembea, anapanda, anashuka, anageuka, anatokea. Soma kwa kidole juu ya karatasi, sentensi moja hatua moja.

Awamu ya kwanza, mashariki ya Yordani

Hii iligawanywa na Musa mwenyewe, soma Hesabu 32 pamoja na Yoshua 13:8-33. Hapa hakuna kura. Reubeni na Gadi walikuwa na mifugo mingi sana, wakaona nchi ya Yazeri na Gileadi ni malisho mazuri, wakaomba wapewe hiyo hiyo wasivuke. Musa alikasirika, akakumbuka kilichotokea Kadesh-barnea, pale wapelelezi walipowavunja watu moyo wasiingie kwenye nchi, mpaka wakaahidi kwamba wanaume wenye silaha watatangulia mbele ya ndugu zao kwenye vita na hawatarudi nyumbani mpaka kila Mwisraeli amepata urithi wake. Watoto na ng'ombe wakabaki.

Paka rangi: Reubeni kusini kuanzia Arnoni kwenda juu, Heshboni iko kwake, hii ilikuwa nchi ya mfalme Sihoni. Gadi juu yake, Gileadi, na bonde la Yordani mpaka ncha ya Kinerethi. Nusu ya Manase juu zaidi, kuanzia Mahanaimu, Bashani yote iliyokuwa ya mfalme Ogu pamoja na miji 60 ya Yairi. Ndo hawa unaowakuta Yoshua 22, wamemaliza vita wanarudi nyumbani na wanaogopa siku moja watoto wa magharibi watawaambia watoto wao kwamba Yordani ni mpaka na ninyi hamna sehemu kwa Bwana. Ile madhabahu ilikuwa ushahidi tu, sio ya sadaka. Ukiwa umechora, hofu yao unaiona kwenye karatasi, maana mto unakata katikati.

Awamu ya pili, Gilgali

Yoshua 14 mpaka 17. Kabla kura haijapigwa anatokea mzee mmoja, Kalebu. Sehemu hii usiisome haraka. Alikuwa na miaka 40 alipotumwa kuipeleleza nchi kutoka Kadesh-barnea, sasa ana 85, ni miaka 45 imepita anasubiri neno aliloambiwa. Na hapa kuna hesabu nzuri: Kumbukumbu 2:14 inasema kutoka Kadesh-barnea mpaka kuvuka kijito cha Zeredi ni miaka 38, kwahiyo 45 ukitoa 38 unapata kama miaka 7, ndo muda ambao vita vya Yoshua vilichukua mpaka siku ile. Biblia haijaandika hiyo 7 popote, inatoka mdomoni kwa Kalebu akitaja umri wake. Akaomba mlima, ule ule wenye Waanaki waliowatisha wapelelezi wenzake. Akapewa Hebroni, zamani Kiriath-arba.

Kura ya Yuda inafuata, sura ya 15, na ndo mpaka mrefu kuliko yote. Kusini unaanzia ncha ya Bahari ya Chumvi unapita kusini ya Kadesh-barnea mpaka kijito cha Misri na bahari. Mashariki ni Bahari ya Chumvi yote. Kaskazini ndo pa kwenda taratibu, unatoka mdomo wa Yordani unapanda mpaka bonde la mwana wa Hinomu, ubavuni mwa Myebusi upande wa kusini. Myebusi ni Yerusalemu. Mpaka unapita chini yake, maana yake Yerusalemu kwenye karatasi inaangukia Benyamini, na kweli 18:28 inaiweka kwenye miji ya Benyamini. Lakini 15:63 inasema wana wa Yuda hawakuweza kuwatoa Wayebusi Yerusalemu, na Waamuzi 1:21 inasema wana wa Benyamini hawakuwatoa pia. Mji ulikuwa mpakani kabisa na ukabaki mikononi mwa wenyewe mpaka Daudi alipouchukua. Weka nyota hapo.

Ndani ya sura hiyo kuna Aksa binti Kalebu. Baba yake alimwoza kwa Othnieli aliyeiteka Debiri, akapewa nchi ya kusini, kavu. Akashuka kwenye punda akamwambia baba umenipa nchi ya kusini basi nipe na chemchemi za maji, akapewa za juu na za chini. Mistari minne hivi, katikati ya mipaka, na inakwambia watu hawa walijua ardhi bila maji ni nusu ya zawadi.

Miji ya Yuda usiinakili yote, utachoka. Imepangwa kwa kanda, kusini, nchi tambarare ya magharibi, milimani, jangwani. Andika majina ya kanda nne na miji miwili mitatu kila moja. Siklagi na Beer-sheba kusini, Lakishi tambarare, Hebroni milimani, En-gedi jangwani.

Alafu kura ya Yusufu, sura 16 na 17. Efraimu anakaa kuanzia Betheli kwenda juu, Manase anamfuata kaskazini mpaka kukaribia bonde la Yezreeli, na mpaka wao ni kijito cha Kana. Hapa kuna mambo ya ajabu kidogo, nchi ya Tapua ni ya Manase lakini mji wenyewe wa Tapua ulio mpakani ni wa Efraimu, na kuna miji ya Efraimu iliyoko ndani ya miji ya Manase. Usijaribu kuinyoosha. Iandike ilivyo, ardhi ya kurithi kokote huwa na vipande vya namna hii.

Sasa simama kwenye 17:1-6, hapo ndo kuna hesabu ninayoipenda kuliko zote. Manase wa magharibi walikuwa na jamaa 6: Abiezeri, Heleki, Asrieli, Shekemu, Heferi na Shemida. Lakini mstari wa 5 unasema Manase alipata mafungu 10. Yametokaje 10 kwa jamaa 6? Rudi Hesabu 27. Selofehadi mwana wa Heferi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, akaacha mabinti 5, Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, na hao mabinti wakasimama mbele ya Musa na Eleazari na wakuu na mkutano wote mlangoni pa hema ya kukutania wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutwe kwa kukosa mwana. Musa hakujibu kutoka kichwani, akalipeleka neno kwa Bwana, na jibu likawa kwamba wamesema haki. Ikatoka sheria: mtu akifa bila mwana urithi uende kwa binti, kama hana binti uende kwa ndugu zake, kama hana ndugu uende kwa ndugu za baba yake, na kama nao hawapo uende kwa jamaa yake wa karibu. Kwahiyo jamaa 5 za kiume fungu moja moja, hiyo 5, na upande wa Heferi ukahesabiwa kwa wale mabinti 5. Jumla 10. Hawakupewa kwa huruma kikipande pembeni, wanaonekana kwenye hesabu yenyewe ya ugawaji, na walikuja kukumbusha wenyewe mbele ya Eleazari na Yoshua. Soma na Hesabu 36 usiiache, wakuu wa ukoo wao waliuliza swali la upande wa pili, je hawa wakiolewa kabila lingine ardhi si itahama? Ikaamuliwa waolewe ndani ya kabila la baba yao, na wakaolewa na wana wa ndugu za baba yao.

Mwisho wa sura ya 17 wana wa Yusufu wanalalamika wamepewa kura moja na fungu moja na wao ni watu wengi. Tazama listi yako pembeni, Efraimu 32,500 na Manase 52,700, jumla 85,200, lakini nusu ya Manase wameshakaa mashariki. Malalamiko yana uzito lakini sio mkubwa hivo. Na Yoshua mwenyewe ni Mwefraimu, Hesabu 13:8 inasema. Ndugu zake wa kabila wanamwomba awaongezee, anawaambia kama ni wengi waupande msitu waukate, nchi ya Waperizi na Warefai, na magari ya chuma ya Wakanaani yasiwatishe. Hakuhamisha mpaka wa mtu mwingine kwa ajili ya ukoo wake. Mgawaji wa urithi wa aina hii ni wa kumshukuru Mungu.

Awamu ya tatu, Shilo

Yoshua 18 na 19. Hema ya kukutania imesimamishwa Shilo, na kuna makabila 7 hayajapata kitu, na tatizo sio kwamba ardhi haipo, ni kwamba wamelegea. Yoshua anawakemea alafu anapanga utaratibu, watu watatu kutoka kila kabila wazunguke nchi waiandike kitabuni kwa miji yake, mafungu 7, warudi kwake Shilo, alafu yeye apige kura mbele za Bwana. Angalia mpangilio: upimaji kwanza, maandishi, kisha kura, na mbele ya mashahidi.

Chora kwa mfuatano wa kura zilivyotoka. Ya kwanza Benyamini, kipande chembamba kati ya Yuda na Yusufu, miji 26, ndani yake Yeriko, Gibeoni, Rama, Mispa.

Ya pili Simeoni, na huyu hana mpaka. Mpaka haujaandikwa kabisa, kuna miji tu, 13 na mingine 4, na 19:9 inakupa sababu, fungu la Yuda lilikuwa kubwa mno kwao basi Simeoni akapata urithi katikati yake. Tazama listi, 22,200, mdogo kuliko wote, na kwenye sensa ya kwanza alikuwa 59,300. Ndo maana Beer-sheba, Molada, Horma na Siklagi unazikuta kwenye listi ya Yuda sura 15 na tena kwenye ya Simeoni sura 19. Usidhani ni kosa la mwandishi. Usimchoree mstari, mwekee nukta za rangi yake ndani ya Yuda. Na ukitaka kina zaidi soma Mwanzo 49:7, Yakobo alisema Simeoni na Lawi watatawanywa katika Israeli. Lawi naye utamwona.

Ya tatu Zabuloni, ya nne Isakari, ya tano Asheri, ya sita Naftali. Hizi nne zipeleke haraka, zote ziko kaskazini. Asheri pwani kuanzia Karmeli kwenda juu kuelekea Tiro na Sidoni, Naftali mashariki yake akikaa na Kinerethi, Hazori na Kedeshi, Zabuloni katikati, Isakari chini kwenye bonde la Yezreeli. Mlima Tabori utausaidia mkono wako, jina lake linatokea kwenye mipaka ya Zabuloni, Isakari na Naftali, kwahiyo pale Tabori ndo wanapokutana. Na Bethlehemu ya 19:15 ni ya Zabuloni, sio ile ya Yuda alikotoka Daudi.

Ya saba na ya mwisho Dani. Kura ikamwangukia magharibi ya Benyamini kuelekea Yafo, Sora na Eshtaoli, nchi nzuri lakini imebanwa. Tazama listi yako tena, Dani 64,400, wa pili kwa wingi, na ameingia kwenye eneo dogo lenye majirani wakali. Waamuzi 1:34 inasema Waamori waliwasukuma milimani wasiweze kushuka bondeni. Mwisho wakaenda kuuteka Leshemu, huko juu kabisa kaskazini, ambao Waamuzi 18 inauita Laishi, wakauita Dani. Kwahiyo Dani mchoree mara mbili, mara moja magharibi kwa rangi nyepesi pale alipopewa, na mara moja kaskazini pale alipokwenda kukaa, na mshale katikati. Ndo ule msemo wa toka Dani mpaka Beer-sheba. Lakini Samsoni alizaliwa Sora, kwenye urithi wa kwanza.

Alafu wakishamaliza wote, 19:49-50, wana wa Israeli wakampa Yoshua urithi kati yao, mji alioutaka, Timnath-sera milimani mwa Efraimu, na akaujenga. Alipokea wa mwisho.

Walawi na miji ya kukimbilia

Karatasi imejaa, sasa Lawi. Wanaume 23,000 kuanzia umri wa mwezi mmoja, hawana jimbo. Fungu lao ni Bwana na zaka za Israeli. Lakini watu lazima walale mahali, kwahiyo Yoshua 21 inawapa miji 48 kwa kura, pamoja na malisho ya kuizunguka. Usiandike yote, andika makundi ya koo za Lawi: wana wa Haruni, makuhani, miji 13 kutoka Yuda, Simeoni na Benyamini, Wakohathi waliobaki 10 kutoka Efraimu, Dani na nusu ya Manase, Wagershoni 13 kutoka Isakari, Asheri, Naftali na ile nusu nyingine ya Manase, Wamerari 12 kutoka Reubeni, Gadi na Zabuloni. Jumlisha, 48. Makuhani wote wameangukia kusini, kuzunguka pale ambapo hekalu lingejengwa baadaye, wakati hekalu halijafikiriwa na Yerusalemu bado ni ya Wayebusi. Mimi naona hapo mkono wa Mungu kwenye kura.

Katika hiyo 48 kuna 6 za kukimbilia, kwa mtu aliyeua bila kukusudia. Weka alama ya msalaba mdogo kwenye kila mmoja: Kedeshi kwa Naftali, Shekemu milimani mwa Efraimu, Hebroni kwa Yuda, na ng'ambo Golani huko Bashani, Ramothi ya Gileadi, Beseri kwa Reubeni. Ukishaziweka tazama zilivyokaa, kaskazini katikati kusini, magharibi na mashariki vile vile, kama jozi tatu zinazotazamana. Hebroni ikaangukia kwenye miji ya makuhani, na Kalebu alipewa Hebroni, inakuwaje? 21:12 inajibu, mji ni wa Walawi, mashamba na vijiji vyake ni vya Kalebu.

Weka alama pale palipobaki

Chukua penseli nyeusi uzungushie sehemu ambazo zilipangiwa kabila lakini wenyeji hawakutoka: miji mitano ya Wafilisti, Gaza, Ashdodi, Ashkeloni, Gathi, Ekroni (13:3), Gezeri kwa Efraimu (16:10), Beth-sheani, Taanaki na Megido kwa Manase (17:11-12), Yerusalemu. Mgawanyo ulikuwa ni haki ya kumiliki, na kumiliki kwenyewe kulikuwa kazi ya kila kabila. Ukiwa na hizo duara mbele yako kitabu cha Waamuzi utakisoma kwa macho tofauti kabisa, karibu kila shida inatokea kwenye duara au jirani yake.

Ukitaka kuendelea, chukua karatasi ya pili na Ezekieli 48. Ni mgawanyo mwingine, wa maono, na hauna milima wala vijito, ni mikanda iliyonyooka kutoka mashariki mpaka magharibi. Kutoka juu andika Dani, Asheri, Naftali, Manase, Efraimu, Reubeni, Yuda, kisha eneo takatifu lenye patakatifu katikati, kisha Benyamini, Simeoni, Isakari, Zabuloni, Gadi. Makabila 7 juu na 5 chini. Reubeni na Gadi wamevuka mto wamerudi magharibi, na Simeoni sasa ana mkanda wake mwenyewe. Alafu usipite 47:22-23 bila kupigia mstari, mgeni anayekaa kati yao na kuzaa watoto anapewa urithi katika kabila lile anapokaa. Kwenye Yoshua hukukuta sheria hiyo. Weka karatasi mbili pamoja, kabila moja moja, uandike pembeni kila aliyehama ametoka wapi kwenda wapi.